Dawa ya Jino si Kung'oa Peke Yake



Wazee husema kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa. Kwa nyakati zao neno hilo lilikuwa la kweli. Mtu aliyeumwa jino usiku kucha, shavu limevimba, hawezi kula wala kusali kwa utulivu, hakuwa na msaada mwingine ila koleo. Hata leo, hapa Kindu na katika vijiji vya Maniema, wengi wetu humwendea mganga wa meno siku ile tu tuliposhindwa kuvumilia, nasi hurudi nyumbani na pengo.

Lakini kwa miaka mingi wataalamu wamekuwa wakitafuta kitu kimoja: gundi itakayoshika jino, ili shimo lizibwe mapema na jino libaki mahali pake. Habari za gundi hiyo zinatufaa kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu moja kubwa ya historia yake ilitendeka kwa jirani zetu, nchini Tanzania. Pili, inatufundisha namna ya kupima maneno ya kila mtu anayesema, "Dawa yangu ina nguvu kuliko zote."

JINO LILIVYO

Tuanze na jino lenyewe. Jino limevikwa ganda gumu kupita mfupa, nalo huitwa enameli. Ukichukua gramu 100 za enameli, gramu 96 hivi ni madini matupu. Chini ya ganda hilo ipo dentini, ambayo ni laini zaidi. Katika gramu 100 za dentini, madini ni gramu 70 hivi, na yaliyobaki ni nyuzi za mwili pamoja na maji. Tena dentini ina vijitundu vingi sana visivyoonekana kwa macho, vyenye majimaji ndani yake, vinavyokwenda mpaka katikati ya jino palipo na mishipa ya damu na ya fahamu. Ndiyo sababu shimo likifika kwenye dentini, tukinywa maji baridi tunaruka kwa maumivu.

Shimo lenyewe hutokea hivi. Vijidudu vya kinywani hula sukari tunayokula sisi, kisha hutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini ya jino kidogo kidogo, leo na kesho, mwaka huu na mwaka ujao. Shimo dogo halina kelele. Linapoanza kupiga kelele limekwisha kuwa kubwa. Hapa ile methali yetu inasema kweli kabisa: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi, ufa huo tuuzibe kwa kitu gani?

KOLEO NA KIBUYU

Kwa karne nyingi jibu halikuwapo. Sisi Wakatoliki tunaye Mtakatifu Apolonia, bikira wa Aleksandria katika Misri, Mwafrika aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 249. Watesi walimpiga taya hata wakamvunja meno, na kwa hiyo Wakristo wenye kuumwa meno humwomba awaombee. Sikukuu yake ni tarehe 9 Februari. Katika picha za kale za Ulaya huonekana ameshika koleo lenye jino. Wachoraji walichora chombo walichokijua, kwa maana koleo ndilo lililokuwa hospitali ya meno ya siku zile.

Katika miaka ya 1820 na 1830 waganga wa Paris, na baadaye wa New York, walianza kujaza mashimo ya meno kwa amalgamu, yaani fedha iliyochanganywa na zebaki. Meno mengi sana yaliokolewa kwa njia hiyo. Ila amalgamu ina kasoro moja: haishikamani na jino. Inakaa ndani ya shimo kama mtu aliyefungiwa chumbani. Ili isidondoke, mganga alilazimika kuchonga shimo liwe kama kibuyu, mdomo mwembamba na tumbo pana. Bingwa mkuu wa kazi hiyo, Greene Vardiman Black wa Chicago, aliandika kitabu mwaka 1908, akafundisha kukata hata sehemu nzima za jino zilizo karibu na shimo, ili uozo usipate mlango wa kurudi. Basi ikawa jino zima linakatwa kwa ajili ya kumpendeza mgeni aliyekuja kuziba. Isitoshe, zebaki ni sumu kwa mito na samaki, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi zipunguze matumizi ya amalgamu.

ASIDI YA WAPAKA RANGI

Kila mwenye baiskeli hapa Kindu anajua kuziba mpira uliotoboka. Hapaki gundi juu ya mpira laini. Kwanza anaukausha, halafu anaukwangua kwa msasa mpaka uwe na mikwaruzo, ndipo anapaka gundi na kubandika kiraka. Gundi huingia ndani ya mikwaruzo na kushika huko. Mpira ukiwa na maji, kiraka hakikai. Hata watoto wategao ndege kwa ulimbo wanajua kwamba tawi lililolowa halinasi kitu. Nacho kinywa cha mtu kimelowa mate mchana na usiku! Ndiyo kazi ngumu iliyowakabili wataalamu.

Mwaka 1949 mkemia Oskar Hagger wa Uswisi alitengeneza gundi ya kushika dentini. Mwanzoni ilishika, lakini maji yaliishinda. Ndipo mwaka 1955 Michael Buonocore, mtafiti wa mji wa Rochester katika jimbo la New York, akatoa habari iliyobadilisha kazi yote ya meno. Alijua kwamba viwandani watu huosha chuma kwa asidi ya fosfori kabla ya kukipaka rangi, ili rangi ishike vizuri. Akajiuliza: mbona nisifanye hivyo kwa jino? Akapaka asidi hiyo juu ya enameli kwa nusu dakika, akaiosha kwa maji, akakausha, kisha akaweka tone la plastiki na kuliacha likauke.

Halafu akangoja. Matone yaliyowekwa juu ya meno yasiyopakwa asidi yalianguka baada ya saa 10 hivi. Yale yaliyowekwa juu ya meno yaliyopakwa asidi yalikaa zaidi ya saa 1,000, yaani zaidi ya siku 40, urefu wa Kwaresima! Asidi ilikuwa imefanya kazi ya msasa. Ilikuwa imechimba katika enameli vijishimo vidogo mno, na plastiki ikaingia humo na kujishikiza. Naomba msomaji alishike jambo moja hapa, kwa sababu tutalihitaji mbele: kipimo cha Buonocore kilikuwa kinywa cha mtu aliye hai, na saa ya kuhesabia.

GUNDI MBILI

Baada ya hapo njia iligawanyika mara mbili.

Njia ya kwanza ni ya plastiki. Rafael Bowen wa Washington alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1962 kwa plastiki mpya iliyo ngumu na isiyonywea sana. Mwaka 1979 Takao Fusayama wa Tokyo alithubutu kupaka asidi hata juu ya dentini, jambo ambalo wengi waliliogopa. Mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi, naye wa Tokyo, alieleza namna inavyoshika: plastiki huingia katikati ya nyuzi za dentini, vikawa kitu kimoja, kama udongo unavyoshikana na fito katika ukuta wa nyumba zetu. Gundi hizi ni nzuri sana, lakini zina masharti yake. Jino lazima likaushwe vizuri, hatua zifuatwe moja baada ya nyingine, na mara nyingi itumike taa maalumu ya umeme ya kuigandisha.

Njia ya pili ilianzia London, katika maabara ya Mkemia wa Serikali. Huko Alan Wilson na Brian Kent walichanganya unga wa kioo cha namna ya pekee na asidi, na mwaka 1972 wakaitangaza saruji yao mpya. Wataalamu huiita glasi ayonoma. Sisi tuiite saruji ya kioo. Saruji hii huungana na kalsiamu ya jino lenyewe. Haihitaji taa, inastahimili unyevu kiasi, tena hutoa floraidi, ambayo ni dawa ya kuimarisha jino. Kasoro yake ni kwamba si ngumu kama plastiki. Huchakaa upesi zaidi, na ikiwekwa mahali penye kubanwa sana huweza kuvunjika.

MIZANI YA MAABARA

Kampuni zilipokuwa nyingi, kila moja ilisifu gundi yake. Nani aaminiwe? Hapo maabara zikapata kazi.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Wataalamu huchukua meno ya watu yaliyong'olewa, au hata meno ya ng'ombe, na kuyaweka katika maji yasiyo na vijidudu ili yasikauke. Jino husagwa kwa msasa huku likimwagiwa maji, mpaka lipate uso ulio sawa. Juu ya uso huo hubandikwa kipande kidogo cha dawa inayopimwa, kwa gundi yake. Jino hulazwa katika maji yenye joto la digrii 37, sawa na joto la mwili, kwa saa 24. Pengine hutumbukizwa mara mia nyingi katika maji ya digrii 5, na mara katika maji ya digrii 55, kumwiga mtu anayekunywa maji ya baridi baada ya chai ya moto. Mwishoni mashine hukivuta kile kipande, au hukisukuma upande, polepole, mpaka kibanduke. Mashine huandika nguvu iliyotumika, nayo hugawanywa kwa ukubwa wa mahali palipobandikwa.

Jibu hutolewa kwa megapaskali. Tusiogope neno hili. Megapaskali 1 ni sawa na uzito wa kilo 10 hivi ukining'inia mahali penye sentimeta 1 ya mraba, yaani kama ukucha wa kidole kidogo. Gundi ya plastiki yenye megapaskali 20 ingeweza, juu ya ukucha ule, kubeba kilo 200 hivi, yaani magunia manne ya saruji ya kilo 50! Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Viwango, lenye makao Geneva, lilitoa maelezo ya kuwaongoza wapimaji wote wafuate njia zinazofanana.

MIZANI INAPODANGANYA

Je, mambo yamekwisha? Tuchague tu gundi yenye namba kubwa? La, hasha. Wapimaji wenyewe walianza kuona mambo ya kushangaza.

Mwaka huo huo wa 1994 Hidehiko Sano na wenzake walipima vipande vidogo sana, vya milimeta 1 ya mraba hivi, wakaona kwamba kadiri kipande kinavyokuwa kidogo, namba inakuwa kubwa. Gundi ni ile ile! Sababu yake ni kwamba kipande kikubwa huficha nyufa na mapovu mengi, na uvunjikaji huanzia hapo. Basi namba ya maabara moja haiwezi kulinganishwa na namba ya maabara nyingine kama tunavyolinganisha kilo za mchele sokoni.

Jambo la pili ni mahali panapovunjika. Saruji ya kioo ikipimwa, mara nyingi hupata chini ya megapaskali 10. Mtu anayesoma namba peke yake atasema, "Gundi dhaifu, itupwe." Lakini ukilichukua jino lile na kulitazama kwa darubini, mara nyingi utakuta utando wa saruji ungali umeshika jino. Muungano wa saruji na jino haukuachia. Saruji yenyewe ndiyo iliyokatika katikati. Ni kama kamba iliyofungwa vizuri mtini, ikakatika yenyewe na fundo likabaki. Je, tutalilaumu fundo?

Jambo la tatu ni muda. Maabara huvuta mara moja, kwa nguvu. Kinywa hutafuna kila siku, wali na sombe, mahindi ya kuchoma, na mara nyingine kajiwe kaliko ndani ya mchele. Mzigo mzito wa mara moja hupima nguvu ya kamba. Safari ndefu hupima uvumilivu wake. Hivi ni vitu viwili.

Ushahidi ulipatikana mwaka 2005 kutoka Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, Ubelgiji. Wakongo wanalifahamu jina hilo, kwa kuwa Leuven ndiyo iliyozaa Lovanium, chuo kikuu cha Kinshasa, mwaka 1954. Marleen Peumans na wenzake walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa vinywani mwa watu. Walitazama viraka vilivyobandikwa shingoni mwa jino, mahali pasipo na kibuyu cha kukishikilia kiraka, ila gundi peke yake. Katika gundi za plastiki za hatua moja, zilizotengenezwa ili kurahisisha kazi, viraka 8 hivi katika 100 vilishindwa kila mwaka. Katika saruji za jamii ya kioo vilishindwa 2 hivi tu katika 100. Ile iliyokuwa ya mwisho kwenye mashine ilikuwa ya kwanza kinywani!

Hatusemi kwamba maabara haina maana. Bila mashine ile kila dawa mbovu ingejaribiwa kwanza katika meno ya watu, na hilo lisingekuwa haki. Maabara ni mlango wa kwanza wa kuzuia zisizofaa. Bali hukumu ya mwisho hutolewa kinywani, kwa miaka, kama alivyofanya Buonocore kwa saa zake 1,000.

KUTOKA TANZANIA HADI ULIMWENGUNI

Sasa tuje kwa jirani zetu. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa na taabu ile ile tunayoijua sisi. Mashine ya kutoboa jino hutaka umeme, maji safi na fundi wa kuitengeneza. Kijijini hakuna. Kwa hiyo mgonjwa hung'olewa jino ambalo lingeweza kuponywa.

Wakajaribu njia nyingine. Mganga hutumia vyombo vya mkono tu, vidogo kama vijiko, hukwangua sehemu laini iliyooza, na kuliacha jino zima lililo jema. Halafu hubandika dawa yenye kushika jino yenyewe, pasipo kuchonga kibuyu. Saruji ya kioo ndiyo iliyokuja kuwa dawa ya njia hiyo. Mashine haihitajiki, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki, kwa kuwa dentini iliyo hai haikatwi. Unga, asidi, vijiko, pamba na maji yaliyochemshwa huingia katika mfuko mmoja wa begani.

Njia hiyo ilipelekwa Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993, ili ipimwe kwa utaratibu. Huko Zimbabwe, kwa wanafunzi wa shule za sekondari, viziba vya mashimo yenye uso mmoja vilivyokuwa bado vizuri baada ya miaka 3 vilikuwa 88 hivi katika 100. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa yote. Na mwaka 2021 shirika hilo liliiandika saruji ya kioo katika orodha yake ya mfano ya dawa za lazima, pamoja na dawa ya kusugulia meno yenye floraidi. Ndugu zangu, tuseme bila haya: jambo lililoanzia katika upungufu wa Afrika ya Mashariki limekuwa fundisho kwa nchi tajiri.

NA SISI JE?

Njia hii ina mipaka yake, na si haki kuificha. Shimo kubwa lililo katikati ya meno mawili hushindwa upesi zaidi. Jino lililokwisha kutunga usaha ndani haliponi kwa kuzibwa tu. Hapo mganga ataamua, na pengine koleo litakuwa na zamu yake.

Lakini kwa shimo dogo tunao msaada unaofaa mji wetu, ambamo umeme si wa kila nyumba wala wa kila siku, na ambamo mgonjwa wa Alunguli lazima kwanza avuke mto. Kwa hiyo mzazi asingoje shavu la mtoto livimbe. Amtazame kinywani akiona doa jeusi, ampeleke mapema, na aulize maneno matatu: Je, shimo hili laweza kuzibwa? Kwa saruji gani? Nayo imedumu miaka mingapi katika vinywa vya watu? Tena wale wenye kuagiza dawa kwa ajili ya vituo vyetu vya afya wakumbuke kwamba saruji hii imo katika orodha ya dawa za lazima, nayo haihitaji jenereta.

Mzee mmoja akisema tena kwamba dawa ya jino ni kung'oa, tusimbishie kwa ukali. Tumjibu kwa heshima, "Ndiyo, baba, kwa jino lililochelewa." Kisha tumshike mkono mjukuu wake na kumpeleka kwa mganga siku hiyo hiyo, wakati shimo bado ni dogo.